Kodi ya kaboni si hela ya msitu

Kodi ya kaboni ni malipo anayotozwa anayechoma au anayeuza mafuta, makaa ya mawe au gesi, kwa kadiri ya hewa ukaa inayotoka, kwa bei iliyopangwa kwa kila tani. Basi, ni hivyo tu. Finland ilianza nayo mwaka 1990, Afrika Kusini 2019.

Kinachochosha ni kuisikia kwenye mikutano ya vijiji, Kondoa hadi Mpwapwa, ikitajwa kama fedha zinazokuja. Zinazokuja ni za biashara ya kaboni, ambayo hapa nchini ina kanuni zake za mwaka 2022: kijiji kinatunza msitu, tani za hewa ukaa zinapimwa, mnunuzi analipia cheti cha tani hizo. Kodi inakwenda upande mwingine kabisa, inatoka kwa mchomaji kwenda Hazina, na kijiji chenye msitu hakipati kitu mpaka serikali iamue kukigawia. Kuna mlango mmoja unaoziunganisha: Afrika Kusini humruhusu mlipakodi kufidia sehemu ya hewa anayotozwa kwa kununua vyeti. Hata hapo, vyeti vinapunguza kodi. Havigeuki kuwa kodi.

Kosa la pili hufanywa na wasomi, nalo ni kuita kila ushuru wa bidhaa yenye moshi kodi ya kaboni. Tazama saruji, maana Dodoma hii kila mtu anajenga. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha ushuru wa shilingi 20 kwa kilo, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Mfuko huo hutoa takribani kilo 35 za hewa ukaa, na zaidi ya nusu hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yakiwa tanurini, wala si kwenye moto unaoyachoma. Kodi ya kaboni ya dola 10 kwa tani, tukiihesabu dola kwa shilingi 2,500, ingekuwa shilingi 875. Tarakimu zinakaribiana, kazi hazifanani. Kiwanda kikipunguza klinka, yaani yale mawe yaliyokwisha kuchomwa, na kuongeza pozolana, majivu ya volkano yasiyohitaji tanuri, ushuru kinalipa uleule, 1,000. Chini ya kodi ya kaboni kingelipa pungufu, na pungufu hiyo ndiyo sababu ya kodi kuwepo. Inayotoza kilo za bidhaa bila kuangalia kilo za hewa ni ushuru wa kawaida, hata ikipewa jina la kijani.

Kuhusu hofu kwamba kodi ya kaboni ikiwekwa hapa itapandisha bei ya mahindi, tupige hesabu. Lori la tani 30 kutoka soko la Kibaigwa hadi Dar es Salaam likinywa lita 160 za dizeli, kila lita ikitoa kilo 2.7, kodi ya dola 10 ni shilingi 10,800 kwa safari. Gawa kwa magunia 300 ya kilo mia: shilingi 36 kwa gunia. Mzani wa dalali hukosea zaidi ya hapo.

Penye shida ni jikoni. Mtungi wa gesi wa kilo 6 hutoa kilo 18 hivi za hewa ukaa, kwa hiyo shilingi 450 juu ya bei. Mkaa haumo kwenye hesabu, kwa kuwa kaboni ya mti huhesabiwa kwenye vitabu vya msitu, na gunia linalopita alfajiri kwenye pikipiki halina pa kutozwa. Ukipandisha gesi peke yake, mama wa Chang'ombe anarudi kwenye mkaa na msitu unapungua. Kusamehe gesi ya kupikia kunawezekana, maana haichanganyiki na dizeli. Mafuta ya taa usiyasamehe: mwaka 2011 kodi yake ilipandishwa kwa sababu ya uchakachuaji, watu wakichanganya ya bei nafuu kwenye dizeli.

Wanaosema kodi irudishwe kwa wananchi, kama jimbo la British Columbia, Kanada, lilivyopunguza kodi ya mapato mwaka 2008, wakumbuke kwamba mkulima wa Bahi hakatwi kodi ya mshahara. Punguzo hilo halimfikii.

Na wenyeviti wa vijiji wanaoandikia halmashauri kuomba "mgao wa kodi ya kaboni", waandike "mapato ya biashara ya kaboni". Barua itafika kwa afisa mazingira badala ya kuzungushwa kwa watu wa mapato.