Kura ya kubakizwa: jaji anapopigiwa kura bila mpinzani

Mtu aliyepata uraia wa Marekani akiwa anaishi Chicago, siku ya kwanza anapopiga kura huanza na rais na wabunge, mambo anayoyajua. Akiendelea kushuka hukutana na orodha ndefu ya majina, zaidi ya hamsini katika miaka mingine, ambayo hajawahi kuyasikia. Pembeni mwa jina hakuna chama, na wapinzani hawapo. Swali ni moja kwa wote: je, huyu abakizwe kuwa jaji? Ndiyo au hapana.

Hiyo ndiyo kura ya kubakizwa. Wazee wa Tanzania wataitambua sura yake, maana enzi za chama kimoja, kuanzia 1965, kura ya urais nayo ilikuwa ya ndiyo au hapana kwa jina moja tu. Hapa, hata hivyo, anayeulizwa habari zake ni jaji wa jimbo: yule anayesikiliza mashahidi, anayetoa hukumu za wizi na mauaji, anayeamua mtoto akae na mama au baba na mpangaji atoke lini.

Majaji wa mahakama za shirikisho hawamo katika habari hii. Wao huteuliwa na rais na wanaweza kukaa kazini hadi kufa. Majaji wa majimbo ndio wenye taratibu nyingi, kila jimbo na lake.

Utaratibu uliosambaa zaidi ulianzia Missouri mwaka 1940. Wakati ule wakubwa wa siasa za mijini, kama Tom Pendergast wa Kansas City, walikuwa na mkono katika kila uchaguzi, na wananchi walichoka kuona majaji wakisimamishwa na wanasiasa. Wakabadili katiba ya jimbo lao. Nafasi inapokuwa wazi, tume yenye mawakili na raia wa kawaida huchuja waombaji na kumpelekea gavana majina matatu, naye huchagua moja. Jaji hukaa kitini walau miezi kumi na miwili, watu wamwone anavyofanya kazi, ndipo jina lake liletwe kwa wapiga kura. Akipata zaidi ya nusu, jaji wa mahakama ya mzunguko (circuit), ile inayosikiliza kesi mara ya kwanza, hupewa miaka 6, kisha huulizwa tena, hadi afike umri wa kustaafu, miaka 70. Si kaunti zote za Missouri zinazofuata mpango huu; nyingi bado huwachagua majaji kwa vyama.

Illinois, jimbo lenye Chicago, imechanganya taratibu mbili. Mara ya kwanza jaji hugombea kwa tiketi ya chama, akishindana kama mwanasiasa yeyote. Baada ya hapo, kila miaka 6 kwa jaji wa mahakama ya mzunguko, hukabili kura ya kubakizwa, na katiba ya 1970 inamtaka apate asilimia 60.

Asilimia hiyo si jambo dogo. Mwaka 2018 jaji Matthew Coghlan wa Kaunti ya Cook, ilimo Chicago, alipata kura za ndiyo zaidi ya nusu, lakini hazikufika 60. Chama cha Democratic cha kaunti hiyo kilikuwa kimekataa kumuunga mkono. Alikuwa wa kwanza kuangushwa hivyo pale tangu 1990. Miaka 28! Binafsi naona idadi hiyo inaeleza mengi: wengi huiruka sehemu ya majaji, na wanaojaza huweka ndiyo kwa mazoea. Ndiyo maana vyama vya mawakili hutoa tathmini za majaji kabla ya uchaguzi, na mpiga kura asiyezisoma anabahatisha kazi ya mtu anayeweza kumfunga jirani yake.

Watu huichanganya kura hii na ile ya kumwondoa jaji kabla ya muda wake. California, Juni 2018, wapiga kura wa Santa Clara walimwondoa jaji Aaron Persky kwa hasira ya hukumu moja ya shambulio la kingono waliyoiona nyepesi mno. Kura ile ilihitaji kwanza saini za wananchi. Ya kubakizwa haihitaji saini wala hasira. Huja yenyewe muhula unapoisha.

Coghlan naye hakutolewa siku ile ile. Jaji asiyebakizwa Illinois humaliza muhula wake, unaokwisha Jumatatu ya kwanza ya Desemba.