Ukaguzi wa picha kwa mstari wa amri ni nini?

Kahawa ikifika kiwanda cha kukoboa hapa Moshi, haikimbizwi mnadani. Hupitishwa kwanza kwenye chekeche zenye matundu ya ukubwa mbalimbali: punje kubwa zinapata daraja AA, zinazofuata A, kisha B, na kuendelea. Muda huo hakuna anayekaanga wala kusaga. Wanataka kujua kilichomo guniani. Ukaguzi wa picha za tovuti ni kazi ya namna hiyo: kuiuliza folda nzima ina nini kabla ya kugusa faili hata moja.

Wengi huuchanganya na kupunguza uzito wa picha. Kupunguza ni matengenezo. Faili inabadilika, na ukikosea bila kuwa na nakala, picha imekwenda. Ukaguzi unakuachia orodha tu.

Sasa chukua kampuni ndogo ya utalii yenye picha elfu tatu zilizorundikana msimu baada ya msimu. Ukizifungua moja moja kwa kipanya, macho yatachoka kabla hujamaliza mia. Kwenye mstari wa amri, yaani dirisha la kompyuta unaloandikia amri kwa maneno badala ya kubofya, unaandika swali mara moja, kompyuta inalipitisha kwa faili zote. `find picha -type f -size +500k` inakutajia kila faili iliyozidi kilobaiti 500 kwenye folda iitwayo picha. `identify`, iliyomo ndani ya ImageMagick, programu ya bure iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1990, inasoma upana na urefu kwa pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha.

Pikseli zina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya 4000 kwa 3000. Ukurasa ukiionyesha kwa 800 kwa 600, msomaji amepakua pikseli mara 25 ya zile anazoziona, na kama yuko Rombo anatumia bando la simu, ni yeye aliyezilipia zote.

Picha zilizojirudia hunaswa na `md5sum`, ambayo huipa kila faili alama yake. Majina yakitofautiana lakini yaliyomo yakiwa yale yale, alama ni moja. Ila picha ikishapunguzwa, hata kidogo, alama hubadilika na pacha wake hatagundulika kwa njia hii.

Swali ninalolijali kuliko yote ni la mahali. Simu nyingi, zikiruhusiwa, huandika latitudo na longitudo ndani ya faili, kwenye sehemu iitwayo Exif. Kwa macho huoni kitu. Lakini picha ya faru iliyopigwa Ngorongoro inaweza kumwonyesha jangili alipokuwa mnyama yule, na saa ngapi. Picha ya mgeni akinywa kahawa uani kwa mama mmoja wa Marangu inaweza kumfikisha mtu asiyejulikana hadi getini kwake, na mama huyo hakuulizwa. Amri ya kuzitafuta, kwa programu iitwayo ExifTool, ni hii:

`exiftool -r -if '$gpslatitude' -filename picha`

Inapita folda na vifolda vyake, inataja faili zenye mahali tu. Picha zilizotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa zimeshaondolewa taarifa hizo. Zilizotumwa kama dokumenti, ili zisipoteze ubora, hubaki nazo. Waongoza wageni wetu wanapenda njia hii ya pili, na wana sababu nzuri, kwa hiyo amri hii naiendesha kila wanapoleta picha mpya kutoka porini.

Huanza nayo hata kabla ya kupima uzito. Likitoka jina la picha ambayo tayari iko mtandaoni, naiondoa huko kwanza, ndipo narudi kwenye kilobaiti.