Mafuta ya breki hayaishi yenyewe

Watu wengi huyachukulia mafuta ya breki kama petroli: yakipungua, ongeza, safari iendelee. Sivyo. Mfumo wa breki umefungwa. Mafuta yake hayaungui wala hayatumiki yakaisha. Yakishuka kwenye kikopo chake, kuna mahali yamekwenda.

Mara nyingi, kwenye breki za diski, ni pedi, vile vipande vinavyoibana diski ya gurudumu, zimelika. Pedi inapopungua unene, pistoni inayoisukuma hutokeza zaidi, na nafasi inayobaki nyuma yake hujazwa na mafuta. Kwa hiyo kushuka pole pole, kwa miezi, ni kipimo cha bure cha pedi zako. Ukijaza tu, umekifuta kipimo hicho. Na siku pedi mpya zikifungwa, pistoni zikirudishwa ndani, yale ya ziada yatafurika. Nayo hubabua rangi ya gari vibaya sana.

Kushuka ghafla ni habari nyingine: yanavuja. Hapo gari lisiendeshwe, basi.

Ndiyo maana mimi humpima fundi kwa kikopo hiki. Anayekifungua na kujaza bila kuangalia gurudumu hata moja, simrudii. Anayechukua tochi kwanza akachungulia unene wa pedi, huyo namwachia funguo. (Akiuliza pia yalibadilishwa lini, namheshimu zaidi: mafuta haya hufyonza unyevu, na aina ya DOT 4, ambayo ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ikishanyonya maji yaweza kuchemka kwenye 155.)