"Kreatinini yangu ni ya kawaida": dhana inayowaponza wenye sukari

Msimu wa korosho ukiisha, watu wa Masasi, Newala na Tandahimba hupata nafasi na hela ya kuja kupima Mtwara mjini, na kauli ni ileile: "Dokta, figo zangu nzima, kreatinini imesoma kawaida." Nimechoka kuisikia, maana hakuna dhana inayowachelewesha wagonjwa wangu kama hiyo.

Kreatinini ni taka ya misuli. Figo zina akiba kubwa, hivyo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake namba hiyo ikiwa bado haijavuka mpaka. Tena inategemea mwili wa mtu. Chukua kreatinini ya mikromoli 97 kwa lita. Kwa kijana wa kiume wa miaka 25 anayebeba magunia ghalani, kanuni ya CKD-EPI ya 2021, inayokadiria kazi ya figo kwa kreatinini, umri na jinsia, inatoa uchujaji (eGFR) wa takriban mililita 95 kwa dakika. Kwa bibi wa miaka 68, 97 hiyohiyo inatoa takriban 55, na uchujaji ukikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Karatasi isiyojali umri wala jinsia itawaandikia wote wawili "kawaida". Usiondoke maabara na kreatinini tupu. Omba wakukokotolee eGFR.

Hata hiyo peke yake haitoshi. Mara nyingi sukari hutoboa chujio kabla uchujaji haujashuka, na wa kwanza kusema ni mkojo. Uwiano wa albumini (protini ya damu) kwa kreatinini kwenye mkojo ukifika miligramu 30 kwa gramu, na ukajirudia mara mbili katika vipimo vitatu ndani ya miezi 3 hadi 6, figo zinavujisha protini. Kijiti cha kawaida cha mkojo mara nyingi hakioni kiasi kidogo hivyo. Mwenye kisukari cha aina ya pili apime pale tu anapogundulika, kwa kuwa sukari huenda ilishakaa mwilini miaka bila kujulikana, kisha kila mwaka. Wa aina ya kwanza aanze baada ya miaka 5. Ukiwa na homa, UTI au hedhi, subiri kwanza, majibu yatadanganya.

"Metformini, dawa ya sukari, inaua figo." Haiui. Tunaisimamisha eGFR ikishuka chini ya 30 kwa sababu dawa hurundikana mwilini. Mnaikimbia metformini, halafu mkiokota korosho kutwa mnameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila jioni! Hiyo ndiyo ya kuogopa.

"Kiuno kinauma, basi ni figo." Figo zinazoharibiwa na sukari haziumi.

"Kuna kipimo kipya cha damu kinachotabiri kila kitu." Vipokezi vya TNF na KIM-1, protini zinazopimwa kwenye damu, vimeonyesha katika tafiti nani yuko hatarini kupoteza figo haraka, lakini havijawa vipimo vya kliniki za kila siku. Sistatini C, kipimo kingine cha damu cha kukadiria uchujaji, tayari inatumika na haitegemei sana misuli, kwa hiyo inamfaa mzee aliyekonda. Ukiipata, ipime pamoja na mkojo.