Keria ya Baiskeli si Tela Ndogo

Swali tunaloletewa mara kwa mara katika maabara yetu ya uimara wa vyuma ni hili: "Chuma cha nyuma ya gari langu kinavuta tela ya tani moja na nusu bila taabu. Baiskeli tatu zitakifanya nini?" Anayeuliza huwa ameshafunga keria na safari ni kesho. Hatulichukulii swali hili kirahisi, kwa sababu chuma hicho kikikatika barabarani, wa kwanza kuumia ni yule anayekuja nyuma, pengine yuko kwenye pikipiki.

Hiyo tani moja na nusu ni uzito wa kuvutwa. Uzito wa kubebwa ni habari nyingine. Kivuta tela, yaani chuma hicho cha nyuma ya gari, kikiwa kimetoka kiwandani huwa na kibati chenye herufi mbili za kuangalia. D hupima nguvu ya kuvutana kati ya gari na tela, na huandikwa kwa kilonyutoni. S ni kilo zinazoruhusiwa kukandamiza tufe, kile kichwa cha mviringo ambacho tela hushikizwa, kutoka juu. Kwa magari mengi ya familia S huwa kati ya kilo 50 na 100, na 75 huonekana sana. Keria huhesabiwa kwa S, ikiwa pamoja na uzito wake yenyewe. Keria ya baiskeli tatu inaweza kufika kilo 18 kabla haijapakiwa chochote, na hapo ndipo hesabu za wengi huharibika.

Hata hivyo S peke yake haitoshi. Mdomo wa tela hukaa juu ya tufe na kuzunguka utakavyo; unaliegemea, lakini hauwezi kulipinda. Keria hufanya kinyume chake. Hulikaba tufe kwa nguvu, kisha mzigo wote ukaning'inia nyuma yake. Beba ndoo ya maji mkono ukiwa umelala ubavuni, halafu jaribu kuishika mkono ukiwa umenyooka mbele ya kifua. Ndoo ni ileile na maji ni yaleyale, lakini bega litakwambia tofauti. Tufe ndilo bega la keria.

Tuchukue familia ya Nairobi inayokwenda kuendesha baiskeli Hell's Gate, karibu na Naivasha. Baiskeli tatu za kilo 15 kila moja ni kilo 45, ongeza keria ya kilo 18, jumla kilo 63. Kibati kinasema 75, kwa hiyo wako ndani ya kiwango. Sasa pima umbali: katikati ya mzigo ni kama sentimita 40 nyuma ya tufe. Mpindo unaopatikana ni sawa na kufunga bomba la urefu wa mita 1 kwenye tufe na kuning'iniza gunia la kilo 25 kwenye ncha yake. Gari likiruka tuta, mzigo huo unaweza kuwa mzito mara mbili kwa kitambo kifupi kisichofika sekunde. Hapo kwenye ncha ya bomba umetundika mfuko mzima wa saruji. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa magari huweka pia kikomo cha umbali wa mzigo kutoka kwenye tufe, na ndiyo maana baiskeli nzito inapaswa kukaa karibu kabisa na gari, ile ya mtoto ikae mwisho. Baiskeli za umeme nyingi zina zaidi ya kilo 20. Mbili tu, pamoja na keria, zinaweza kulijaza tufe la kilo 75. Betri itolewe isafiri ndani ya gari, utakuwa umepunguza takriban kilo 3 kwa kila moja.

Tuta moja halikati chuma kizima. Kinachokikata ni matuta mia, halafu mia nyingine. Wahandisi huuita uchovu wa chuma, na somo hili lilianza kwa msiba: Mei 1842 ekseli ya kichwa cha treni ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, na zaidi ya watu 50 wakafa. Kuanzia miaka ya 1850, August Wöhler, mhandisi wa reli za Prussia, ufalme wa Kijerumani wa wakati huo, alizungusha ekseli chini ya mzigo tena na tena hadi akaonyesha kwamba chuma huvunjika kwa mzigo mdogo kuliko ule kinaoweza kuubeba mara moja, mradi urudiwe vya kutosha. Kanuni namba 55 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vifaa vya kuunganisha gari na tela, imejengwa juu ya elimu hiyo: tufe hutikiswa mashineni mara milioni 2. Lakini jaribio hilo la msingi linafuata mvutano wa tela. Mtikiso wa keria, unaopanda, unaoshuka na kuyumba ubavuni kwa pamoja, ulihitaji kipimo chake, na taasisi ya Fraunhofer LBF ya Darmstadt, Ujerumani, ina utaratibu wa majaribio kwa ajili ya keria za baiskeli uitwao CARLOS BC.

Kwetu kuna jambo jingine linalonitia hofu zaidi. Magari mengi ya mitumba kutoka Japani hufika bila kivuta tela, na mwenye gari humwendea fundi wa kuchomelea. Mafundi wetu wana mikono mizuri, sibishi. Lakini mahali palipochomelewa ndipo uchovu hupenda kuanzia, na kanuni yake haina huruma: ukizidisha mzigo mara mbili, uhai wa kiungo kilichochomelewa hushuka hadi karibu moja ya nane. Kingedumu miaka minane, sasa mwaka mmoja. Prado ina chesisi imara chini yake. Harrier haina, mwili wake ni bati lililokunjwa, na kivuta tela kinapaswa kufungwa kwa bolti kwenye sehemu alizoziandaa mtengenezaji. Chuma kisicho na kibati, ambacho hakuna ajuaye S yake, mimi nisingekiwekea keria ya baiskeli. Hata vile vya kiwandani havilingani: watengenezaji wengi wa keria wanakataza matufe ya alumini.

Gari lenyewe nalo hubadilika. Kilo 70 zikikaa mita 1.35 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 2.7, ekseli ya nyuma huongezewa kilo 105, na ile ya mbele hupungukiwa kilo 35. Usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika macho ya wanaokuja.

Kabla ya kufunga keria, futa grisi yote kwenye tufe. Tela hutaka grisi, keria hushikilia kwa msuguano na itazunguka. Kaza, endesha kilomita chache, simama ukaze tena. Namba ya gari na taa za nyuma zionekane zote. Usifunike baiskeli kwa turubai, maana upepo utaligeuza kuwa tanga. Kwenye tuta, punguza mwendo kana kwamba kuna mgonjwa kiti cha nyuma.

Ukirudi nyumbani, safisha vumbi uangalie kwa tochi ukingo wa kila mahali palipochomelewa na shingo ya tufe. Ukiona mstari mwembamba wa rangi ya kutu unaochomoza kwenye rangi, huo ni ufa unaopumua maji. Usikubali upitishiwe moto juu yake. Ufa utabaki chini ukiendelea kukua pasipo kuonekana. Kifungue chuma hicho, kikatwe kiwe skrepa, ununue kingine chenye kibati.