Je, wajua kwa nini maneno ya mbunge hayapatikani ukiyatafuta kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge?

Usiku mmoja barazani Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, kahawa chungu ikizunguka na kashata zimebaki mbili kwenye sahani, watu wazima wawili walikaribia kukosana kwa ajili ya mbunge. Mmoja alishikilia kwamba mheshimiwa huyo wa Pwani hajawahi kufungua kinywa bungeni kuhusu feri ya Likoni. Mwenzake akaapa kwamba alimsikia redioni kwa masikio yake. Kijana akatoa simu, akafungua kumbukumbu za Bunge, akaandika "feri" pamoja na jina la mbunge. Hakuna kitu. "Basi," akasema yule mzee wa kwanza, "kesi imekwisha."

Haikuwa imekwisha. Nilirudi nyumbani nikaketi na jambo lile mpaka karibu na adhana ya alfajiri, na maneno ya mbunge nikayapata. Alikuwa amezungumza Kiingereza, katikati ya mjadala wa makadirio ya bajeti, na pale mahali petu alipaita "Likoni channel". Neno feri halikumtoka. Mzee wa redio alisema kweli, na kumbukumbu nazo zilikuwa sahihi. Kilichokosea ni neno tulilolitafuta.

Ili kuelewa inakuwaje, kwanza tujue Hansard yenyewe ni kitu gani. Jina ni la Thomas Curson Hansard, mpiga chapa wa London aliyechukua uchapishaji wa mijadala ya Bunge la Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla ya enzi zake, kuchapisha maneno ya wabunge lilikuwa kosa. Mwaka 1771 Meya wa London, Brass Crosby, alifungwa gerezani katika Mnara wa London kwa kuwakingia kifua wachapishaji waliothubutu kufanya hivyo. Kenya ilirithi desturi ya kuandika mijadala kutoka huko, tangu Baraza la Kutunga Sheria lilipokutana kwa mara ya kwanza Nairobi mwezi Agosti 1907.

Wengi hudhani Hansard ni kama kinasa sauti, kila pumzi ya mbunge imo. Sivyo. Sauti ya kikao hurekodiwa, hukatwa vipande vifupi, waandishi huvigeuza kuwa maandishi, kisha wahariri huvipitia. Marudio hupunguzwa na ulimi ulioteleza hunyooshwa, mradi maana isiguswe. Mbunge aliyedakia bila kupewa nafasi, kipaza sauti kimezimwa, huandikwa tu kwamba alizungumza nje ya kumbukumbu. Kelele za ukumbini huitwa kwa adabu mashauriano ya sauti ya juu, na makofi na vicheko huwekwa kwenye mabano. Spika akiamuru maneno fulani yaondolewe, basi usitarajie kuyakuta.

Kuna na jambo ambalo barazani hulisahau kila mara: si kila anachokisema mbunge ni maneno ya bungeni. Akihutubia wanahabari nje ya majengo ya Bunge, televisheni itaonyesha majengo yale nyuma yake, na sisi tutasema "alisema bungeni". Hansard haina habari naye. Kazi ya kamati pia, ambako mambo mengi mazito huchambuliwa, hutoka kwa njia ya ripoti inayowasilishwa mezani, na ukitafuta kwenye mijadala ya ukumbini hutaiona.

Sasa tuje kwenye lugha, maana hapa ndipo sisi Waswahili tunapokwama zaidi, na ndipo pia tulipo na nguvu tusiyoitumia. Ibara ya 120 ya Katiba inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zinamtaka mbunge aliyeanza hotuba kwa lugha moja aimalize kwa lugha hiyo hiyo. Hansard humwandika kwa lugha aliyozungumza, haimtafsirii. Kwa hiyo mjadala mmoja wa alasiri moja unaweza kuwa na mbunge wa kwanza aliyesema "ferry", wa pili "feri", wa tatu "kivuko". Ukitafuta neno moja umewasikia watu wa lugha moja tu.

Halafu Kiswahili hubadilika kichwani mwa neno. Mvuvi, wavuvi, uvuvi: mtu anayeandika "mvuvi" hatawaona wavuvi wala uvuvi wao. Dawa yake ni ndogo. Pakua faili la siku hiyo, kisha ndani yake tafuta kipande kisichobadilika, "vuvi", na yote matatu yatatokea. Kitenzi kina hila zaidi. Nilipotaka kila mahali palipotajwa kuzama kwa vyombo, niliandika "zam" nikapata kuzama, walizama na kuzamishwa, lakini nikaletewa pia zamani na zamu, ikabidi nipepete. Na hii haifanyi kazi kila mahali: mitambo mingi ya kutafuta mtandaoni hutafuta neno zima, haikati kipande. Ndiyo maana nasisitiza faili lenyewe.

Kuna neno lililonisumbua wiki nzima: ng'ambo. Kwetu kisiwani, ng'ambo ni Likoni na kwingineko ng'ambo ya maji. Kumbe ile alama ya juu baada ya ng ina sura mbili kwenye kompyuta, iliyonyooka na iliyopinda, na mashine huziona kama herufi mbili tofauti. Ukiandika "ambo" peke yake utagharikishwa na "mambo", "jambo" na "kitambo". Nilichofanya ni kunakili neno lenyewe kutoka kwenye faili moja la Hansard na kulibandika kwenye utafutaji.

Majina ya mahali nayo yana mitego. Barabara tunayoiita Dongo Kundu, ofisini ni Mombasa Southern Bypass, na yupo mbunge atakayetumia hili na yupo atakayetumia lile. Nyali na Jomvu hazikuwa maeneo bunge kabla ya uchaguzi wa 2013. Nyali ilikuwa ndani ya Kisauni, na Jomvu ndani ya Changamwe. Anayemtafuta mbunge wa Nyali katika kumbukumbu za 2005 anamtafuta mtu asiyekuwepo. Sharti aende kwa wa Kisauni.

Kwa kumbukumbu za zamani kuna zaidi. Mwaka 1974 Katiba ilibadilishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya mijadala. Mwaka 1979 Kiingereza kikarudi sambamba nacho. Hotuba za miaka ile ya katikati ni hazina, wabunge wa kila kabila wakihangaika na Kiswahili mbele ya Spika. Juzuu nyingi za zamani zimewekwa kwenye Google Books, lakini kilichowekwa ni picha za kurasa, na mashine ndiyo iliyozisoma herufi. Ilizoea Kiingereza. Ikikuta ukurasa wa Kiswahili wenye wino uliofifia, husoma visivyo, na neno ulitafutalo limo pale mbele ya macho yako ila mashine hailijui. Usikate tamaa hapo. Fungua ukurasa, usome kwa jicho.

Ndiyo maana mimi sasa huanza na tarehe, neno hufuata baadaye. Bunge la Taifa hukutana Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Tukio likiwa la Ijumaa, nafungua vikao vya wiki inayofuata, nikihakikisha kwamba hawakuwa mapumzikoni. Pia najiuliza jambo lenyewe ni la nyumba ipi. Tangu 2013 tuna Seneti tena, na tuna Bunge la Kaunti lenye Hansard yake. Soko la Kongowea na taka za mitaani ni mambo ya kaunti, na mwakilishi wadi wako hutamwona kwenye faili za Nairobi hata ukeshe. Kwa anayetaka hotuba za mbunge mmoja zikiwa zimekusanywa pamoja, tovuti ya Mzalendo, iliyoanzishwa na Ory Okolloh na Conrad Akunga katikati ya miaka ya 2000, humpunguzia safari.

Usiku uliofuata nilipeleka barazani ukurasa uliochapishwa. Yule mzee aliyekana akauvuta karibu na taa, akauzunguka kwa kidole mpaka chini kabisa, akasoma ile ilani iliyo mguuni mwa kila ukurasa: nakala hii ya mtandaoni ni ya kujuza tu, iliyoidhinishwa itapatikana kwa Mhariri wa Hansard. Akaniuliza kama basi ina thamani gani. Nikamwambia kwa kujua yaliyosemwa inatosha, lakini anayekwenda mahakamani aombe iliyoidhinishwa. Na kumbukumbu isiyopatikana mtandaoni, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuiomba kwa maandishi, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 21.

Akanyamaza kidogo, akaukunja ukurasa na kuutia mfukoni mwa kanzu. "Sasa mwanangu," akasema, "nitafutie mwaka sabini na sita. Kulikuwa na mbunge mmoja aliyetuahidi maji."

Nikamuuliza alisema "maji" au alisema "mifereji".