Kwa nini wanawake wanaolima mpunga India wanapungukiwa damu?

India huuza mchele nje kuliko nchi yoyote duniani, na kazi ya kuinama tangu asubuhi kupandikiza miche ya mpunga hufanywa zaidi na wanawake. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019 hadi 2021 ulionyesha kuwa kati ya wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, 57 wana upungufu wa damu. Ule wa 2015 hadi 2016 uliwakuta 53. Hali imezidi kuwa mbaya.

Sababu ya kwanza imo sahanini. Sheria ya chakula ya 2013 huzipa kaya maskini kilo 5 za nafaka kwa kila mtu kwa mwezi, na imewaepusha wengi na njaa. Lakini wali mweupe una madini ya chuma kidogo mno. Unga wa ngano usiokobolewa unayo zaidi, ila una pia asidi ya faiti, ambayo huyashika madini hayo yasifyonzwe na mwili. Chai inayonywewa na chapati hufanya vivyo hivyo. Ulezi na uwele, nafaka za wazee wao, zilianza kupungua mashambani tangu miaka ya 1960, serikali ilipoipa kipaumbele ngano na mpunga.

Kisha kuna minyoo ya safura. Mabuu yake hukaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, hupenya ngozi ya miguu iliyo peku, na mnyoo ukishakomaa hufyonza damu utumboni. Ongeza hedhi, na mimba zinazofuatana kwa karibu. Halafu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, katika kaya nyingi mke hula baada ya wanaume na watoto. Dengu na mboga zikiwa chache, yeye hubakiwa na wali.

Serikali hugawa vidonge vya chuma, na mwaka 2018 ilianzisha kampeni ya Anemia Mukt Bharat, yaani India isiyo na upungufu wa damu. Vidonge hivyo husaidia, lakini huleta kichefuchefu na kufunga choo, na wengi huviacha. Kibarua anayelipwa kwa siku akienda kliniki hupoteza ujira wake.

Nyumbani, kukamulia ndimu kwenye dengu husaidia chuma kufyonzwa, na chai ingojee saa moja baada ya mlo. Lakini dengu zenyewe lazima zimfikie mke.